Ugali unakwama? Acha kuusukuma na maji

Wagonjwa wa saratani ya umio wanaonifikia, stori yao karibu ni ile ile. Miezi mitatu minne nyuma nyama ilianza kukwama, akaiacha, ikaja zamu ya ugali, akawa anaushushia na maji, akahamia kwenye uji na mtori, leo hata maji yanarudi na suruali imefungwa kwa kamba. Hapo katikati keshameza dawa za vidonda vya tumbo za kutosha.

Umio ni bomba la chakula, kama sentimita 25 hivi, na linatanuka vizuri tu. Ndo ubaya wake huo, manake uvimbe unakua kimya kimya, ukianza kusikia tonge linasimama ujue njia imeshabana sana. Sauti ikikwaruza au ukipaliwa kila ukinywa maji, mara nyingi uvimbe umeshavuka ukuta wa umio.

Sasa kipimo. Ni kamera, endoskopi. Watu wanaiogopa balaa, ila unakuja hujala toka usiku, unapuliziwa ganzi kooni, dakika kumi hivi tumemaliza. Nikiona kidonda au uvimbe nachukua vinyama kadhaa vinaenda maabara, na hata kama macho yangu yameshajua, jina la saratani silitaji mpaka majibu yarudi. Siti skani inafuata kuangalia imefika wapi. Ikiwa imechelewa tunaweka stenti, kibomba cha waya, mtu anakula tena, ila haiponyi.

Swali la pili huwa "daktari, nimeitoa wapi?" Ukanda wetu, toka Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, unaugua sana, na aina yetu kubwa siyo ile ya kiungulia na unene inayowapata sana Wazungu. Sigara na pombe zinachangia, vyote pamoja ndo mbaya zaidi. Lakini usiniambie umeokoka basi uko salama, hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, wamepata wagonjwa hata chini ya miaka 30.

Halafu chai. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na kosa ni la moto, siyo la majani. Mimi yangu naiacha ipoe kwanza. Mama mkwe anasema nanywa maji ya kuoshea vikombe.