Homa Haishuki, Eko ni Safi: Jipu Kando ya Vali ya Moyo

Mama yangu wa Kayole aliwekewa vali ya chuma. Homa imefika wiki ya tatu. Eko ya kifuani, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haikuonyesha kitu, na sasa daktari anataka kumpitishia mrija wa eko kooni. Kuna haja gani?

Pole kwa kuuguza. Haja ipo, tena kubwa. Bakteria waliomo kwenye damu wakinasa kwenye vali, huweza kula nyama inayoishikilia mpaka usaha ukatunga. Hilo ndilo jipu. Eko ya kifuani hulitafuta kupitia katikati ya mbavu na mapafu, na chuma cha vali hutupa kivuli kinachoficha mengi. Umio, njia ya chakula, umepita nyuma ya moyo na kugusana nao, kwa hiyo picha ya huko ni safi zaidi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha eko ya kifuani iligundua asilimia 28 tu ya majipu. Ya kooni, asilimia 87. Maadamu mama bado anachemka, majibu ya kwanza yasikupe usingizi.

Kipimo hicho cha kooni kinauma?

Kinakera kuliko kuuma. Atakaa saa kadhaa bila kula, koo litapuliziwa ganzi, na atapewa dawa ya kumtuliza. Aseme mapema kama humeza kwa shida. Dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake. Mwenye vali ya chuma akiiacha, damu huweza kuganda kwenye vali.

Na hicho kisipoonyesha kitu?

Jipu changa huonekana kama unene tu kwenye ukingo wa vali. Tundu lenyewe la usaha huja baadaye. Shaka ikibaki, kipimo hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7. Msione kama daktari anawazungusha.

Mbona anapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kila mara?

Karibu na vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hupita njia ya umeme wa moyo. Jipu likienea huko, mapigo hucheleweshwa, na ECG huonyesha. Akizimia au akipata kizunguzungu kikali, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Tumnunulie antibiotiki kwa kemisti tukisubiri?

Tafadhali, hapana. Damu ya kuoteshwa maabara itolewe kwanza, kwani vidonge vichache tu huweza kuficha bakteria. Jipu likithibitishwa, antibiotiki huingizwa kwa mshipa, mara nyingi wiki 6 au zaidi, na wengi huhitaji upasuaji. Muulizeni daktari mapema ni hospitali gani Nairobi inayoufanya.