Kilomita chache haimaanishi gari ni nzima

Watu wengi wakitafuta Hiace ya kugeuza iwe ya kulala na kusafiria, cha kwanza wanaangalia dashibodi, ikisoma kilomita chache basi hiyo ndo yenyewe. Inaeleweka, injini iliyotembea kidogo kwa kawaida huwa haijachoka sana. Ila ile mita inaweza kurudishwa nyuma, na hata kama ni ya kweli haikwambii chochote kuhusu kutu, na we unaenda kufunga mbao, kitanda na sinki juu ya bodi hiyo hiyo, ukikuta sakafu imeoza baadae unabomoa kila kitu. Gari za Japani zilizokaa mikoa ya theluji mara nyingi zinaliwa chini sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani.

Kucheki sio kazi ngumu: ingia uvunguni na tochi, inua kapeti, pitisha sumaku kwenye bodi, pasiposhika vizuri inawezekana pamepigwa puti, ule udongo wa kuziba matundu ya bodi kabla ya rangi. Raba za pedali zimelika na mita inasema elfu 60? Uliza. Omba na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari ilipouzwa mnadani Japani, nzima, sio kipicha alichokikata dalali. Mi binafsi bora yenye kilomita laki 2 ila chini safi.