Kijiji si cha mwenyekiti: dhana potofu na ukweli kuhusu halmashauri ya kijiji

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na malalamiko yanayosikika katika vingi kati ya hivyo yanafanana: ardhi imeuzwa watu hawajui, michango imekusanywa na boma la zahanati bado halijapauliwa, mwenyekiti na mtendaji hawaelewani. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli, na yanauma. Tatizo ni kwamba wananchi huyapeleka kwa diwani, kwa mbunge au kwenye msafara wa kiongozi anayepita, huku kikao ambacho sheria imekipa kauli ya mwisho, yaani mkutano mkuu wa kijiji, kikikosa watu.

Dhana: Mwenyekiti ndiye serikali ya kijiji

Dhana hii ina chimbuko lake. Chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 1975, enzi za chama kimoja, mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kijiji, na mazoea ya kumwona kama mwenye kijiji yameendelea hadi leo.

Ukweli ni kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaikabidhi kazi ya kuendesha kijiji halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo mwenyekiti mwenyewe, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wengine waliochaguliwa. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na ndiye katibu wa vikao. Yeye si bosi wa mwenyekiti, wala mwenyekiti si bosi wake. Juu yao wote upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea na akili timamu. Kinachohesabiwa ni ukazi. Mwalimu aliyehamishiwa kijijini na mama aliyeolewa kutoka wilaya nyingine wana sauti sawa na mzee ambaye babu yake alifyeka pori la kwanza, na hili ninalisisitiza kwa sababu wanawake wengi bado huketi pembeni ya mkutano wakidhani wamekuja kusikiliza tu.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenyekiti analipwa mshahara na serikali. Halipwi. Mshahara ni wa mtendaji. Mwenyekiti na wajumbe hutumikia kwa posho ndogo, pale inapopatikana, na tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 vijiji vingi havina chanzo cha uhakika cha mapato. Upungufu huu unastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu ndio unaolisha dhana inayofuata.

Dhana: Muhuri wa mwenyekiti unatosha kuhalalisha mauziano ya shamba

Muuzaji na mnunuzi huandikiana kwenye karatasi, mashahidi wawili hutia saini, mwenyekiti hugonga muhuri, naye hupewa asilimia kumi ya bei. Hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinachompa mwenyekiti asilimia hiyo. Uhamisho wa haki ya kimila ya kumiliki ardhi unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri huamua ikiwa kikaoni, uamuzi wake ukaandikwa katika muhtasari. Mahakama ya Rufani ilishatamka tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu haulizi tu kama muhuri upo. Anaomba kuona muhtasari wa kikao, tarehe yake, na orodha ya wajumbe waliohudhuria. Asipoonyeshwa, hana sababu ya kutoa fedha yake.

Sheria hiyohiyo inaitaka halmashauri isimamie ardhi kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Vilevile inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Dhana: Mwekezaji akija na barua kutoka juu, kijiji hakina la kusema

Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kwa manufaa ya umma, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, mkutano mkuu una mamlaka ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakuwa wa waziri, lakini bado lazima azingatie mapendekezo ya mkutano huo. Fidia nayo hujadiliwa kabla ardhi haijaondoka. Ahadi ya kisima au madarasa mawili iliyotolewa kwa mdomo tu ni vigumu sana kuidai miaka mitano baadaye.

Dhana: Taarifa ya mapato na matumizi ni hisani ya viongozi

Mkutano mkuu unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa hiyo husomwa hapo. Kuisoma haraka jua likizama, watu wakiwa wameshaanza kuondoka, hakutimizi wajibu huo. Taarifa ikitaja mifuko 200 ya saruji, mwananchi ana haki ya kuuliza stakabadhi iko wapi, nani aliupokea mzigo, na kwa nini ukuta umeishia kwenye lenta. Maswali haya yaulizwe kwa heshima, na majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari, kwa kuwa jibu lisiloandikwa hupotea mtendaji anapohamishwa.

Dhana: Kijiji hakiwezi kutunga sheria

Kinaweza. Halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, wakazi huijadili, kisha halmashauri ya wilaya huiidhinisha ndipo ianze kutumika. Faini inayotozwa kabla ya hatua hizo haina msingi. Huko Babati, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilitumia njia hii katikati ya miaka ya 1990. Serikali ilikuwa imekusudia kuufanya msitu huo hifadhi yake, wanakijiji wakapinga, wakachora mipaka ya kila kijiji, wakateua walinzi wao na kutunga sheria ndogo za kuutunza. Usimamizi ukabaki mikononi mwao, na uzoefu huo ulisaidia kufungua njia ya misitu ya hifadhi ya vijiji inayotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Dhana: Baraza la ardhi la kijiji linatoa hukumu

Baraza hilo lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika na usuluhishi ana haki ya kupeleka shauri lake kwenye vyombo vya ngazi ya juu, na hapaswi kutishwa wala kutozwa faini kwa kufanya hivyo.