Tamthilia haikuzaliwa Athens pekee

Wengi wanaoanza kusoma historia ya tamthilia huamini kwamba sanaa hii ilizaliwa Athens kisha ikasambaa duniani. Imani hiyo inawanyima mengi. Waajemi, tamthilia ya mtunzi Mgiriki Aeschylus iliyoigizwa mwaka 472 KK, ni kongwe kuliko tamthilia zote kamili za Kigiriki zilizotufikia, lakini ukongwe wake hauifanyi kuwa mama wa kila jukwaa.

Tazama India. Natyashastra, kitabu kinachohusishwa na Bharata, hufundisha ujenzi wa ukumbi, ishara za mikono, mizunguko ya macho, muziki, na hasa hisia ambazo mtazamaji huonja. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alitanguliza msuko wa matukio na kuyapa maonyesho yenyewe nafasi ndogo. Katika Natyashastra swali ni jingine kabisa! Huko Japani, Zeami, mwigizaji na mtunzi, aliandika juu ya malezi ya mwigizaji wa No, tamthilia ya jadi ya Kijapani, tangu umri wa miaka 7 hadi uzeeni.

Athari nazo hazikutoka upande mmoja tu. Shakuntala, tamthilia ya Mhindi Kalidasa, ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1789, kisha kwa Kijerumani mwaka 1791, na mshairi Mjerumani Goethe akaitungia shairi la sifa.