Kimeng'enya bandia ni nini?

Anza na mishikaki. Jirani yangu hapa Pangani husaga papai bichi pamoja na ganda lake, akalipaka kwenye nyama ngumu ya ng'ombe na kuiacha saa moja hivi. Nyama hulainika kabla haijaona moto. Kazi hiyo ni ya papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu mweupe wa papai. Hukata protini vipande vipande bila chenyewe kuisha, ndiyo maana nyama iliyosahaulika humo usiku kucha huamka rojorojo. Sasa chemsha hilo papai vizuri kwanza, ndipo ulipake: nyama itabaki ngumu vile vile. Moto umevuruga umbo la kimeng'enya, na umbo likienda, kazi nayo imekwenda.

Kimeng'enya basi ni kichocheo cha mmenyuko, chenye nguvu kubwa lakini dhaifu mbele ya joto na kemikali kali. Kimeng'enya bandia ni molekuli iliyotengenezwa maabara ili ifanye kazi hiyo hiyo bila kubeba protini yote.

Tazama saitokromu P450, vimeng'enya vya ini letu vinavyotia oksijeni kwenye molekuli nyingine. Kila moja ni mnyororo wa amino asidi (vijenzi vya protini) kama 500, lakini oksijeni hushikwa mahali pamoja tu: kwenye hemu, kibamba cha atomi 75, na katikati yake atomi moja ya chuma. Ni hemu ile ile iliyo kwenye damu. Mwaka 1979 John Groves na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kibamba cha aina hiyo, pofirini ya chuma, kinaweza kutia oksijeni kwenye molekuli nyingine kikiwa peke yake. Shida ni kwamba vibamba vilivyo uchi huharibiana haraka. Kwa hiyo wanakemia huvipachika matawi mapana pembeni ili visikaribiane.

Hayo yanatuhusu sisi tunaojifukiza. Ukifunika kichwa kwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, harufu inayokupanda puani ni hasa ya sineoli. Ikiingia mwilini, P450 huitia oksijeni ili iyeyuke kwenye maji na kutoka kwa mkojo. Ini hutoa mazao ya mmenyuko huo kwa vipimo vidogo mno. Kwenye chupa ya maabara, kwa pofirini na hidrojeni peroksaidi inayoipa oksijeni, mtafiti anaweza kupata ya kutosha kuyachunguza.

Nami naona uchunguzi huo unahitajika sana. Kila siku nasikia watu wakisema dawa ya majani haina madhara, ilhali kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya mkaratusi kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo akikimeza.

Hata hivyo, bandia si pacha wa asilia. Protini huishika sineoli na kuigeuza upande mmoja maalumu. Kibamba kitupu huigonga popote panapofikika, hivyo mazao yake lazima yalinganishwe na yale ya ini lenyewe.

Usichanganye pia kimeng'enya bandia na kazi ya Frances Arnold, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018. Yeye hakuiacha protini. Alibadilisha jeni inayoiunda protini hiyo kizazi baada ya kizazi, akichagua kila mara kimeng'enya kilichofanya kazi vizuri zaidi.