Kwa nini ukimwita haji

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye ua wa nyumba moja hapa Katubuka, Kigoma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenye nyumba alinipigia simu usiku wake: mbwa wake, dume la miaka kama miwili, akifunguliwa usiku alinde, asubuhi hakamatiki. "Njoo ujionee mwenyewe, mtaalamu. Huyu ana kiburi."

Nilipofika akamwita. "Simba! Simba, njoo!" Sauti nzito, mnyororo mkononi.

Simba alikuwa chini ya mpapai, hatua kama kumi hivi. Masikio ameyalaza nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu. Akajilamba pua mara mbili, akageuza uso pembeni. Akapiga hatua mbili kuja, tumbo karibu liguse chini, akasimama. Bwana yule akapandisha sauti, na Simba akarudi mpapaini.

"Umeona kiburi hicho?"

Niliona mbwa anayeomba radhi. Kujilamba pua wakati hakuna chakula, kuangalia pembeni, kujishusha namna ile, ndivyo mbwa anavyosema: nimekusikia, nakuogopa, naomba upoe. Nikamuuliza mwenye nyumba, akija huwa kinafuata nini? Akafikiri kidogo. Anafungwa mnyororo mpaka usiku. Na siku akichelewa, anakula fimbo mbili tatu kwanza.

Basi jibu alikuwa ameshanipa. Mbwa hakai akahesabu makosa ya nusu saa iliyopita. Anaunganisha alichofanya na kinachotokea papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Fimbo anayopigwa baada ya kufika haimfundishi kuwahi. Inamfundisha kwamba kufika kunauma. Ndiyo maana kesho yake anachelewa zaidi, nawe unazidisha fimbo, na mnaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakidondokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu tu wamesikia au kuona kinachokitangulia. Kwa Simba kilichotangulia ni jina lake mwenyewe na mlio wa mnyororo, na kilichofuata mnakijua.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilianza kazi hii ya kufundisha mbwa nikiamini fimbo. Aliyenifundisha alisema lazima mbwa ajue nani bwana, nami nikashika. Kulikuwa na jike moja jekundu nililomfundisha kukaa kwa kumbana mgongo na kumkaripia. Alijifunza kukaa, ndiyo. Lakini ilifika mahali akiniona nafungua geti tu anajikojolea. Ile alama ya mkojo kwenye saruji bado naiona.

Hilo la "nani bwana" nalo lina asili yake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi (wale Waingereza huwaita wolf) waliofungiwa pamoja huko Basel, Uswisi, wakigombania ukubwa. Watu wakachukua picha hiyo wakaileta hadi kwenye mbwa wa nyumbani. Mmarekani David Mech naye aliieneza, kisha baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia mbwa mwitu wakiwa huru kule Kanada, mwaka 1999 akaandika kuisahihisha: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi. Mimi naona picha hiyo ya mzazi inatufaa zaidi hata hapa kwetu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Kwanza, kama neno "njoo" limeshachafuka, liache. Chagua mwito mpya ambao mbwa hajawahi kupigiwa: mluzi, au neno kama "haya-haya" kwa sauti nyepesi. Kwa Simba tulichagua mluzi wa midomo, milio miwili mifupi.

Pili, malipo. Kigoma tumebarikiwa, maana sijaona malipo mazuri kuliko dagaa wetu. Ni wadogo, wanapendwa, harufu yao mbwa anaipata akiwa mbali. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja. Wa kuanikwa chini waoshe kwanza mchanga. Mmoja mkate vipande viwili au vitatu, kwa sababu unachotaka ni malipo mengi madogo, si mlo. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzisha taa na bei inapanda pale Kibirizi, natumia maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu kina madhara kwenye damu ya mbwa, kwa hiyo usimpe hata cha kwenye mchuzi.

Siku ya kwanza usimwite kabisa. Piga mluzi mbwa akiwa hatua mbili tu kutoka kwako, papo hapo dondosha dagaa. Mluzi, dagaa. Mluzi, dagaa. Mara kumi, basi, nenda zako. Asubuhi na jioni, siku mbili tatu, mpaka uone ukipiga mluzi shingo inageuka haraka kama amevutwa. Hapo ongeza umbali, hatua tano, kisha kumi, kisha akiwa nyuma ya nyumba. Simama ubavu, usimwelekee kifua kwa kifua, na mkono uwe chini. Kabla hajapata dagaa mguse ule mkanda wa shingoni kwa upole, azoee kwamba mkono shingoni ni dalili ya kheri.

Halafu lipo jambo ambalo wengi wanalikosea wakati kila kitu kimeanza kwenda vizuri: wanamwita tu pale wanapotaka kumfunga. Mwite mara kumi kwa siku, na mara tisa mlipe umwachie arudi kwenye shughuli zake. Ukitaka kumwogesha au kumchoma chanjo ya kichaa, mfuate alipo, usiutumie mluzi. Na akichelewa, hata dakika tano, ukiwa umekasirika kiasi gani, akifika mlipe.

Kuna mzee mmoja wa Ujiji aliyenifanya nifikirie upya habari ya kumzoea mbwa. Anahitaji mlinzi, lakini ni mtu wa msikitini, na mate ya mbwa yakimgusa ni najisi. Mbwa wake alikuwa anamrukia kanzu kila alfajiri. Alikuwa amechoka kurudi ndani kubadili nguo. "Mwanangu," aliniambia, "simchukii, ila nataka kila mtu abaki upande wake." Tulitandika gunia karibu na banda. Mbwa akikanyaga gunia, mzee anamrushia kipande palepale juu ya gunia na kumsifu kwa sauti, bila kugusana. Akiruka, mzee anageuka kimya, hakuna kipande. Baada ya siku kumi na mbili mbwa alikuwa anasikia kitasa cha mlango anakimbilia gunia, anakaa, mkia unafagia chini. Wawili hao hawajawahi kushikana, na bado nimeona jinsi mbwa yule anavyomsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona.

Najua swali linalofuata, kwa sababu naulizwa kila nyumba: ukimdekeza hivi, atalinda kweli? Atalinda. Mbwa anayekuamini anapokea neno lako hata akiwa amepandwa na hasira getini, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mlinzi na hatari. Wapo wanaompa pilipili ili awe mkali; wanachompa ni maumivu ya tumbo. Wapo wanaompiga akinguruma. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kutoonya atang'ata kimya kimya, mara nyingi mtoto. Na mbwa mpole akibadilika tabia ghafla, hapo si suala la mafunzo, mtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiwa ameshang'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji tiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali bila kungoja.

Jana asubuhi nilipita tena Katubuka. Mwenye nyumba alitoka na dagaa mfukoni, mnyororo ameuacha umetundikwa ukutani. Ua ameuziba pengo lake, sasa Simba anafungwa saa chache tu wageni wakija. Akapiga milio miwili. Simba akatokea nyuma ya jiko mbio, masikio mbele, akasimama ubavuni kwake na kuinua shingo mkanda uguswe. Akala dagaa wake. Bwana yule akampa na wa pili, kisha akamwambia nenda, na mbwa hakwenda.