Mama wa Oregon na sindano zake tatu

Kibao cha kumbukumbu hubeba sentensi nne au tano, na Tabitha Brown haenei humo. Huyu ni mjane aliyeingia Oregon, Marekani, mwaka 1846 akiwa na miaka 66. Habari zake zimezungukwa na mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Alifiwa na mume safarini.
Hapana. Mumewe, kasisi Clark Brown, alifariki 1817. Kwa karibu miaka 30 alikuwa mjane tayari, akifundisha shule Maryland ili alee wanawe, kisha akahamia Missouri.

Dhana: Alikuwa bibi kizee wa kubebwa na watoto.
Alisafiri na gari lake mwenyewe la maksai. Msafara ulifuata njia mpya ya kusini, Applegate, iliyosifiwa kuwa ya mkato, lakini ikawatesa. Katika korongo la Umpqua magari yalivunjika na wanyama wakafa. Usiku mmoja alibaki na shemeji yake wa miaka 77, mgonjwa hajiwezi. Aliyesimamisha hema kwa turubai la gari ni yeye. Walifika Salem, mji wa Oregon, siku ya Krismasi.

Dhana: Sarafu ya muujiza ilimtajirisha.
Ndani ya kidole cha glavu aligusa kitu akadhani ni kifungo: kumbe sarafu ya senti sita na robo. Alinunua sindano tatu, akabadilishana nguo kuukuu kwa ngozi za paa na wanawake wenyeji, akashona glavu za kuuza. Faida ilipita dola 30. Kila msimulizi huitaja sarafu. Wanawake wale wenye ngozi huachwa nje, na bila wao sindano zingeshona nini?

Dhana: Aliitwa “Mama wa Oregon” enzi zake.
Bunge la jimbo lilimpa jina hilo 1987, miaka 129 baada ya kifo chake.

Dhana: Alianzisha chuo kikuu peke yake.
Alianza kwa kulea yatima pale Forest Grove, akishirikiana na mchungaji Harvey Clark na mkewe Emeline. Makao hayo yalizaa shule ya Tualatin, iliyopata hati ya kuanzishwa rasmi 1849, na baadaye chuo kikuu cha Pacific University. Kazi yake yenyewe ilikuwa jikoni. Aliandika kwamba mwaka 1851 alikuwa na watu 40 nyumbani, na kwa muda usiotimia miezi mitano alikanda kwa mikono yake paundi 3,423 za unga, yaani zaidi ya kilo 1,500. Alikuwa na miaka 71.